Gemu Mpya: Uichukue Siku Inayotoka, Usubiri Mwaka, au Utafute CD ya Mtumba?

Kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja gemu kubwa hutoka mfululizo, na wachezaji wa Dar hubaki na swali lilelile: ninunue sasa, nisubiri, au nizunguke Kariakoo nipate CD iliyotumika? Wengi hulijibu kwa kutazama maksi za wachambuzi. Gemu imepewa 90, basi ni kali, basi inunuliwe. Tatizo ni kwamba ile 90 imetolewa na mtu aliyecheza kwenye mashine yake, kwa toleo la siku zile, karibu na seva za kwao, tena kwa nakala ambayo hakuilipia. Anayeishi Tabata au Mbagala ananunua mzigo mkubwa zaidi: gemu, bando la kuishusha, kadi ya kuilipia, akaunti ya nchi nyingine, na wadogo zake watakaoikuta imewashwa sebuleni.

Uzuri wa gemu, basi, ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni lini uichukue na kwa njia gani, na hapo ndipo watu wanapopoteza hela.

Vipimo vitano

Njia zote tatu tunazipima kwa mambo yaleyale. Kwanza, hela yote inayotoka mfukoni mpaka gemu iwake kwenye TV. Pili, hali ya gemu yenyewe siku unayoicheza. Tatu, maksi: wachambuzi wameona nini kufikia siku hiyo, na nini hakijaonekana. Nne, ukatili na umri wa watakaocheza au kutazama. Tano, mlango wa kutokea: ikigoma au ikikuchosha, unarudishiwa nini?

Maksi na ukatili vinahitaji maelezo kabla hatujaendelea, kwa sababu ndivyo vinavyobishaniwa sana na kueleweka kidogo.

*Maksi.* Kampuni huwapa wachambuzi nakala mapema pamoja na sharti la siku na saa ya kuchapisha. Ikichagua mashine ya kujaribia, imechagua pia sura ambayo ulimwengu utaiona. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na kabla ya siku hiyo wachambuzi walikuwa wamepewa toleo la PC peke yake, bila ruhusa ya kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Sifa zikajaa. Wenye PS4 ya kawaida wakakuta gemu inayokwama, inayojifunga yenyewe na yenye picha zinazochelewa kujichora. Wiki moja baadaye Sony iliiondoa kwenye duka lake, na haikurudi hadi Juni 2021. Wale wachambuzi hawakudanganya. Walichambua gemu ambayo mwenye PS4 hakuuziwa.

Kuna na yanayoongezwa baada ya maksi kutoka. Crash Team Racing Nitro-Fueled ilitoka Juni 2019, ikasifiwa, na Agosti mwaka huohuo ikaongezewa manunuzi ya pesa halisi ndani ya gemu. Uchambuzi wa Juni haukuwa na neno juu ya hilo. Maksi za wachezaji nazo zina ugonjwa wake: The Last of Us Part II ilipotoka Juni 2020 ilimiminiwa sifuri na watu ambao wasingeweza kuwa wameimaliza, na Metacritic, tovuti inayokusanya maksi, ikaweka utaratibu kwamba mchezaji asitoe maksi mpaka zipite saa 36 tangu gemu itoke.

Unaposoma uchambuzi wowote, tafuta majibu matatu: amecheza kwenye mashine gani, ilikuwa kabla au baada ya sasisho la siku ya kwanza, na sehemu ya mtandaoni aliijaribu kabla ya umma kuingia au baada. Asipoyasema hayo, maksi yake ni ya hadithi na picha tu. Hata akiyasema, hakuna mchambuzi wa London anayekupimia ping ya Dar, yaani muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi.

*Ukatili na umri.* Alama za umri zilianza kwa ugomvi. Mwaka 1993 maseneta wa Marekani waliijia juu Mortal Kombat kwa damu yake, na mwaka 1994 likaundwa shirika la ESRB la kupanga gemu kwa umri. Ulaya ikapata PEGI mwaka 2003. CD inayouzwa Dar huwa na alama ya kule ilikotoka, kwa hiyo ni lazima uzijue zote mbili. PEGI hutumia namba: 3, 7, 12, 16, 18. Kwenye 12 ukatili unaruhusiwa ukiwa wa viumbe vya kubuni au usiofanana na wa kweli, kwenye 16 unafanana na wa maisha halisi, na kwenye 18 ni wa kutisha, wa kuua bila sababu au kuua wasioweza kujitetea. ESRB hutumia herufi: E ni kwa wote, T ni miaka 13 na zaidi, M ni 17 na zaidi.

Mashirika haya hayakubaliani kila mara. Marvel's Spider-Man ya 2018 ni T kwa Marekani, yaani 13, lakini PEGI imeipa 16. Elden Ring ni M kwa Marekani na 16 kwa Ulaya. Zikitofautiana, mzazi achukue iliyo kali zaidi, kisha atazame mwenyewe nusu saa ya watu wakiicheza YouTube. Nusu saa hiyo itamwambia mengi kuliko namba.

Je, gemu za kuuana zinafanya watoto wawe wakatili? Mwaka 2019 Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff walichapisha utafiti juu ya vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, na hawakuona uhusiano kati ya muda wa kucheza gemu za ukatili na ukorofi ulioripotiwa na wazazi wao. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilisema mwaka 2020 kwamba kuna uhusiano mdogo na tabia kama kufoka na kusukumana, lakini kikaonya kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzitupia gemu lawama za mauaji. Kwa hiyo anayesema kila mcheza GTA atakuwa jambazi hana pa kusimamia. Ila hapo ndipo wachezaji wengi hukosea upande wa pili. Kwamba gemu haitamgeuza mtoto kuwa mhalifu haina maana kwamba imemfaa. Mtoto wa darasa la nne haoni kichwa kikipasuliwa kwenye Mortal Kombat kama mtu mzima anavyokiona. Anaogopa, halali vizuri, au anazoea kitu ambacho hakikuwa na haraka ya kuzoewa. Hilo ni swali la malezi, na alama ya 18 iliwekwa kulijibu.

Jambo moja zaidi: alama kubwa ya umri haipimi mazungumzo ya mtandaoni. Gemu ya mpira yenye namba 3 inaweza kumwingiza mtoto kwenye matusi ya watu wazima kupitia vipokea sauti, na ndani yake kuna pakiti za bahati nasibu zinazolipiwa. Hizo hutajwa kwa maandishi madogo karibu na namba, na muuzaji hatakuonyesha.

Njia ya kwanza: siku inayotoka

*Hela.* Bei ya kawaida ya gemu kubwa za PS5 na Xbox Series ni dola 70. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola hiyo ni 175,000, na bado hujaongeza chochote. PSN, mtandao wa PlayStation, haina duka la Tanzania, hivyo wengi hufungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini na kulipia kwa kadi za zawadi. Mambo mawili huharibika hapa. Kadi hufanya kazi kwenye akaunti ya nchi yake tu: kadi ya Marekani kwenye akaunti ya Uingereza itakataa, na muuzaji hatarudisha hela kwa sababu namba imeshakwanguliwa. Pili, akaunti ya Marekani huongezewa kodi kulingana na jimbo ulilojaza, ndiyo maana kadi ya dola 70 hugoma kulipia gemu ya dola 70. Kumbuka pia kwamba kwa masharti ya Sony akaunti inatakiwa iwe ya nchi unayoishi, kwa hiyo ukikwama huna kwa kulalamikia.

Steam, duka la gemu za PC, ni rahisi zaidi. Unalipa kwa dola moja kwa moja, hata kwa kadi ya mtandaoni ya pesa za simu. Lakini nayo ina yake. Helldivers 2 ilitoka Februari 2024 ikauzwa dunia nzima, na mwezi Mei Sony ikatangaza kwamba kila mchezaji wa PC lazima awe na akaunti ya PSN. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN. Wachezaji wakapiga kelele na sharti likafutwa ndani ya siku chache, ila funzo kwa nchi kama yetu lipo: kabla ya kulipa, soma kwenye ukurasa wa gemu kama inadai akaunti ya kampuni nyingine.

Bando ndilo linalosahaulika. Gemu ya GB 100 kwenye intaneti ya Mbps 10 inachukua kama saa 22 mfululizo. Kwa Mbps 20 ni saa 11. Anayetumia bando la simu anunue CD, na hata hivyo ahakikishe gemu imo kwenye CD yenyewe: CD ya PS5 ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilikuwa na takriban MB 70 tu, yote yaliyobaki yalishushwa. Umeme ukikatika wakati wa kushusha, mara nyingi kazi huendelea ulipoishia. Ukikatika wakati sasisho linaandikwa, mashine inaweza kulalamika kwamba data imeharibika. Kwa PlayStation, zima kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, unganisha pad kwa waya, kisha chagua kujenga upya hifadhidata. Wakati mwingine hapo gemu hurudi bila kushushwa tena.

Kuna njia ya mkato ya kununua akaunti ya kugawana kwa bei ya nusu au pungufu. Iepuke. Mwenye akaunti anaweza kubadili neno la siri au kuzima ruhusa ya mashine yako wakati wowote, na kwa kuwa risiti si yako, huna la kudai.

*Hali ya gemu.* Siku ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Diablo III ya Mei 2012 iliwafungia nje walioilipia kwa sababu seva zilizidiwa. eFootball, iliyochukua nafasi ya PES Septemba 2021, ilitoka na nyuso na miili iliyopinda mpaka ikawa kichekesho duniani. Lakini tusiwe wachoyo wa sifa: Baldur's Gate 3 ilitoka Agosti 2023 ikiwa imeshakaa karibu miaka mitatu mikononi mwa wachezaji wa majaribio, na ilionekana. Studio yenye historia ya kutoa kitu kilichoiva inastahili kuaminiwa kuliko trela yoyote.

Na kuna kitu siku ya kwanza inakupa ambacho hutakipata tena. Kila mtu ni mgeni. Kwenye gemu za kupigana na za mtandaoni, wiki ya kwanza unakutana na watu wa kiwango chako. Miezi sita baadaye waliobaki ni mabingwa, na utapigwa mechi 20 kabla ya kushinda moja. Hadithi nayo bado haijavujishwa na kila mtu.

*Maksi.* Ni chache, za toleo la mapema, na za mtandaoni hazina uzito. Subiri hata siku tatu.

*Umri.* Gemu ya kushusha ina faida: inafungwa kwenye akaunti yako, na akaunti ya mtoto unaweza kuiwekea kikomo cha umri. CD mpya iliyo juu ya TV haina adabu hiyo mpaka uweke vizuizi kwenye mashine yenyewe.

*Mlango wa kutokea.* Steam hurudisha hela ndani ya siku 14 kama umecheza chini ya saa mbili, na saa hizo ni pamoja na ulizokaa kwenye menyu ukirekebisha picha. PSN ina siku 14 pia, lakini ukianza tu kushusha haki hiyo imekwisha, kwa hiyo zima kushusha kwa otomatiki kabla ya kulipia. CD mpya ndiyo yenye mlango mpana: ukiimaliza haraka, wiki za mwanzo ndizo inapouzika kwa bei nzuri kuliko wakati wowote.

Njia hii inamfaa anayecheza mtandaoni na wenzake, mwenye intaneti isiyo na kikomo nyumbani, na anayeweza kumaliza gemu kwa wiki mbili akauza CD.

Njia ya pili: kusubiri

*Hela.* Punguzo hufuata misimu. Steam ina mauzo makubwa ya kila msimu wa mwaka. Duka la PlayStation hupunguza sana mwishoni mwa Novemba na kwenye Days of Play katikati ya mwaka. Gemu ya mpira inayotoka mwishoni mwa Septemba huwa haifiki Desemba kabla haijapunguzwa, hivyo anayecheza EA Sports FC na ndugu zake tu hana sababu ya kulipa bei ya Septemba. Nintendo ni tofauti. Gemu zake yenyewe hazishuki kwa maana, na kusubiri mwaka mzima kwa Zelda au Mario mara nyingi ni kujinyima bure.

*Hali ya gemu.* Hapa ndipo kusubiri kunapolipa. Ileile Cyberpunk ilipata sasisho la 2.0 Septemba 2023 kwenye PC, PS5 na Xbox Series, si kwenye PS4, na ikawa gemu nyingine: polisi, ujuzi wa mhusika na mapigano vyote vimesukwa upya. No Man's Sky iliyozomewa Agosti 2016 imeendelea kuongezewa vitu kwa miaka bila malipo. Aliyesubiri alinunua gemu bora kwa hela ndogo kuliko aliyekuwa wa kwanza. Hilo si haki, lakini ndivyo soko lilivyo.

Subira ina mwisho wake lakini. Gemu inayoishi mtandaoni inaweza kufa kabla hujaifikia: Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na ikafungwa tarehe 6 Septemba mwaka huohuo, na walionunua wakarudishiwa hela. Gemu za mpira na za magari hutolewa madukani leseni zinapokwisha. FIFA za zamani ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni mwaka 2023, EA ilipoachana na jina hilo. Pia gemu iliyosasishwa mara nyingi huwa nzito kuliko ilivyotoka, na PS5 ya kwanza ya GB 825 ina nafasi ya takriban GB 667 tu baada ya mfumo wake. Gemu sita au saba kubwa na imejaa.

*Maksi.* Kwa anayesubiri, maksi za siku ya kwanza hazina kazi. Kwenye Steam linganisha maoni ya karibuni na maoni yote: yote yakiwa mabaya na ya karibuni mazuri, gemu imetengenezwa. Kinyume chake kikitokea, kuna kitu kimeharibiwa na sasisho la mwisho au wameongeza manunuzi.

*Umri.* Njia hii ndiyo inayompendelea mzazi. Kufikia mwaka mmoja kila misheni iko YouTube, na inajulikana kama gemu ina kitufe cha kuzima damu au kuruka sehemu nzito. Call of Duty: Modern Warfare 2 ya 2009, yenye misheni ya mauaji ya raia uwanja wa ndege, ilimuuliza mchezaji mapema kama anataka kuiruka. Nyingi hazina swali hilo, na mtu hulijua tu baada ya wengine kupita.

*Mlango wa kutokea.* Sheria za kurudisha ni zilezile, ila hasara ni ndogo.

Inamfaa anayecheza peke yake gemu za hadithi, mwanafunzi, na yeyote ambaye tayari ana gemu tatu hajazimaliza.

Njia ya tatu: CD ya mtumba

*Hela.* Bei hupatana, na kubadilishana kwa kuongeza kidogo ni kawaida. Kabla hujatoka nyumbani hakikisha mashine yako ina mlango wa CD. PS5 Digital, PS5 Pro na Xbox Series S hazina. Mlango wa kubandika wa PS5 Slim unahitaji intaneti mara moja ili usajiliwe. CD ya PS4 inaingia PS5, ya PS5 haiingii PS4.

*Hali ya gemu.* Hapa kuna mawili: hali ya CD na hali ya gemu iliyomo. Inamishe CD chini ya mwanga. Mikwaruzo myembamba kutoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi haina neno, inayozunguka kufuata mduara ndiyo hatari. Data ya Blu-ray iko karibu sana na uso, umbali wa kama milimita 0.1, kwa hiyo kuisaga kwa mashine ya kung'arisha au kuipaka dawa ya meno, kama ilivyofanywa kwa DVD, kunaweza kuiua kabisa.

Kipimo cha kweli ni kuisoma yote. Ingiza CD kwenye mashine ya muuzaji au yako, zima Wi-Fi, na uiache inakili mpaka asilimia 100. CD mbovu huanza vizuri, kisha hukwama katikati, na muuzaji mjanja hukuonyesha menyu akaitoa. Ikifika mwisho, iwashe bado Wi-Fi imezimwa. Ikicheza hivyo, gemu imo kwenye CD. Ikidai kushusha, umeshika ufunguo tu na bando ni juu yako. Tovuti ya DoesItPlay ina orodha ya gemu zilizojaribiwa kwa namna hii, itazame kabla ya kwenda.

Epuka CD ya gemu isiyocheza bila seva. The Crew ya Ubisoft ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na CD zake zote, nzima na zenye mikwaruzo, hazichezi tena. Kuwa makini pia na kasha lililoandikwa toleo kamili. Mara nyingi nyongeza, yaani sehemu za ziada za gemu, zimo kwenye karatasi ya namba ya kutumika mara moja, na mwenye CD wa kwanza alishaitumia.

CD za PS4 na PS5 hazijafungwa kwa nchi, ila nyongeza zake zimefungwa. Kasha lenye alama ya PEGI linataka nyongeza za akaunti ya Ulaya, lenye ESRB linataka za Marekani. CD ya Ghuba, kama zile zinazokuja kutoka Dubai, inaweza kutaka za huko. Ukinunua CD ya ESRB na akaunti yako ni ya Uingereza, gemu itacheza, lakini nyongeza utakayolipia haitaonekana ndani yake.

*Maksi.* Zipo zote, na una faida ya kuijaribu kwenye kibanda cha kuchezea gemu kwa hela kidogo kabla ya kununua. Hakuna uchambuzi unaozidi mechi tatu ulizocheza mwenyewe.

*Umri.* Huu ndio udhaifu mkubwa wa mtumba. CD hubadilishana mikono bila kasha, na bila kasha hakuna alama. Muuzaji anaangalia hela, haangalii umri wa aliyeishika. Mtoto anaweza kutoa gemu yake ya mpira ya 3 akarudi na ya 18 ambayo mzazi hajawahi kuisikia. Andika jina la gemu kwenye tovuti ya PEGI au ESRB, sekunde chache tu.

*Mlango wa kutokea.* Kama CD ni ya gemu inayopendwa, utaiuza karibu na bei uliyoinunua. Udhamini hakuna, hivyo jaribu kabla ya kulipa, au patana kwa maandishi ya WhatsApp kwamba ikikwama unairudisha siku hiyohiyo.

Inamfaa asiye na intaneti ya nyumbani, anayependa kumaliza na kubadilisha, na mwenye PS4.

Usajili wa kila mwezi kama PlayStation Plus ni njia ya pembeni. Una gemu nyingi, lakini kila moja inadai bando lake, na gemu huondoka kwenye orodha ukiwa hujaimaliza. Mwenye intaneti isiyo na kikomo atafaidi, mwenye bando la simu hapana.

Kulingana na hali yako

Kama kundi lako lote linahamia gemu mpya ya mtandaoni, nunua wiki ya kwanza, lakini baada ya siku tatu za maoni ya watu waliolipia. Pima kwanza ping kwa gemu ya bure ya kampuni hiyohiyo kama ipo. Ukikuta mpira unachelewa kuitika pad, gemu ya 175,000 nayo itachelewa.

Kama ni gemu ya hadithi na mashine yako ni ya kizazi kilichopita, PS4 au Xbox One, usinunue kwa maksi za PC wala za PS5. Subiri mtu aionyeshe kwenye mashine kama yako.

Kama unategemea bando la simu, CD ndiyo njia yako, mpya au ya mtumba, na kipimo cha Wi-Fi iliyozimwa ndicho cha kuamua.

Kama unaendesha kibanda, gemu ya mpira ya msimu mpya inunue mapema maana wateja wanataka usajili mpya wa wachezaji, na za kupigana chukua mtumba. Za 18 zikae nyuma ya kaunta. Wanaokuja na sare za shule saa nane mchana uwawekee mpira na magari.

Kama mashine inatumiwa na watoto, haijalishi unanunua kwa njia gani, fanya hivi leo. Kwa PlayStation, ingia kwenye mipangilio ya familia na udhibiti wa wazazi, fungua vizuizi vya mashine, na ubadilishe namba ya siri, kwa sababu ya kiwandani ni 0000 na watoto wanaijua. Kataza kuunda watumiaji wapya na kuingia kama mgeni, la sivyo mtoto atafungua jina jingine akwepe kikomo. Mpe kila mtoto akaunti yake yenye umri wake wa kweli, zima mazungumzo ya sauti na wageni, na weka kikomo cha matumizi kuwa sifuri. Ukimaliza, ingiza CD ya 18 ukiwa kwenye akaunti ya mtoto uone kama inakataa.